Amani ya Washington, askari wa Washington: jibu kwa dereva wa Uvira

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, naishi Marekani mwaka wa tisa sasa, naendesha lori la masafa marefu. Barabarani mwenzangu ni redio. Mchana kutwa wachambuzi wa kihafidhina wanasema mambo matatu kwa mkupuo mmoja: Trump amemaliza vita vya Kongo, Trump amesafisha uhalifu Washington kwa askari, na Wademokrati ndio wanaozuia yote mawili kwa chuki za chama. Mama yangu alikimbilia Burundi Desemba 2025, siku chache tu baada ya hiyo amani kusainiwa. Nisaidie. Lipi hapo ni la kweli, na kwa nini wanayafunga pamoja? Na mama arudi nyumbani?

Jibu: Ndugu yangu, pole sana kwa mama, na pole kwako unayesikia habari za nyumbani ukiwa umeshika usukani katika nchi ya watu. Swali lako la mwisho ndilo zito, nitalifikia. Niruhusu nianze na lile la kwa nini wanayafunga pamoja, kwa sababu fundo hilo likifunguka mengine yanalegea.

Rudi Agosti 2025. Tarehe 8 Trump aliwapokea White House Ilham Aliyev wa Azerbaijan na Nikol Pashinyan wa Armenia. Tarehe 11 akatangaza dharura ya uhalifu Washington, akachukua usimamizi wa polisi wa jiji na kuita askari 800 wa Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la majimbo. Tarehe 15 akakutana na Vladimir Putin katika kambi ya jeshi Anchorage, Alaska. Tarehe 18 Volodymyr Zelensky akawa White House pamoja na viongozi wa Ulaya. Katikati ya hayo, wabunge wa Democrat wa jimbo la Texas walikuwa wamehama jimbo lao, wengi wakiwa Illinois, ili akidi isitimie na ramani mpya ya uchaguzi isipite, ramani iliyochorwa kuwapa Warepublikan viti vitano zaidi katika Congress. Yote hayo ndani ya siku kumi na moja. Mtangazaji mwenye saa tatu za kujaza kila mchana hakuwa na kazi ya kuyaunganisha. Yalimjia yakiwa yameshafungwa mzigo mmoja.

Lakini kamba iliyoufunga mzigo huo ni ya zamani. Richard Nixon aligombea mwaka 1968 akiahidi sheria na utulivu mijini, na amani yenye heshima Vietnam. Ronald Reagan akaja na amani kwa njia ya nguvu. Mwaka 1987 tume ya mawasiliano ya Marekani ikafuta kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana, na mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji wa kihafidhina, akaanza kusikika nchi nzima. Tangu hapo umekua mtindo mzima wa kuieleza dunia, na kiini chake kinasemeka kwa sentensi moja: mbabe hutulia akiona mwenye nguvu, awe rais wa nchi jirani au kijana mwenye bastola kwenye kona ya mtaa. Wanaolisema hilo redioni, wengi wao wanaliamini kweli. Wasikilizaji wao wanaliamini zaidi, kwa sababu wameliona kazini, shuleni, hata nyumbani. Ukilidharau hutaelewa kwa nini linashika.

Kosa linaanzia kwenye hesabu. Kila hadithi ya namna hii ina tarehe inayoanzia, na mwenye kuisimulia ndiye anayeichagua. Shika hilo tu, tuanze na uhalifu.

Washington si kama miji mingine. Haiko ndani ya jimbo lolote, haina gavana, na mamlaka yake ya kujitawala imepewa kwa sheria ya mwaka 1973. Kifungu cha 740 cha sheria hiyo kinamruhusu rais kutumia polisi wa jiji kwa dharura, kwa siku 30, na zaidi ya hapo sharti Congress ikubali. Ndiyo sababu ilianzia pale: mlango ulikuwa na ufunguo wa kisheria. Siku 30 ziliisha Septemba na usimamizi wa polisi ukarudi kwa jiji, ila askari walibaki, wakiwa wameongezwa na magavana wa Republican wa West Virginia, South Carolina, Ohio, Mississippi, Louisiana na Tennessee hadi kupita 2,000.

Sasa hesabu yenyewe. Mwaka 2023 Washington ilikuwa na mauaji 274, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2024 yakashuka hadi 187. Makosa ya nguvu kwa jumla yakashuka kwa asilimia 35 mwaka huo, kiwango cha chini kabisa kwa zaidi ya miaka 30, na miezi ya kwanza ya 2025 iliendelea kushuka. Nchi nzima ilikuwa hivyo: FBI walihesabu mauaji ya 2024 kuwa pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo anayeanza kuhesabu Agosti 11 anapanda gari lililokuwa tayari linateremka mlima, kisha anadai yeye ndiye aliyelisukuma.

Hata hivyo nitakuwa nakudanganya nikiishia hapo kama wanavyoishia wapinzani wa Trump. Baada ya siku ishirini za kwanza za hatua hiyo, Meya Muriel Bowser mwenyewe, Mdemokrati, alisimama mbele ya waandishi na kusema uporaji wa magari kwa nguvu umepungua kwa asilimia 87 ukilinganisha na siku kama hizo mwaka uliopita, akakiri kwamba kuongezeka kwa maofisa wa serikali kuu kumesaidia. Hilo ni jambo la kweli lililotokea. Ukijaza barabara kwa watu wenye sare, anayetaka kupora gari usiku atafikiri mara mbili. Swali linalobaki ni atafanya nini sare zikiondoka.

Na wahafidhina wana hoja moja nzito kuhusu jiji hili ambayo huwa hawaitumii vizuri. Mwaka wa bajeti wa 2022, ofisi ya mwendesha mashtaka ilikataa kufungua kesi kwa asilimia 67 ya watu waliokamatwa na polisi. Fikiria uzito wake: polisi anakamata watatu, wawili wanarudi mtaani bila hata kufika mbele ya hakimu. Sehemu ya sababu ni kwamba maabara ya jiji ya kuchunguza ushahidi ilikuwa imepoteza ithibati mwaka 2021, na ushahidi usiopimwa hauna miguu mahakamani. Ni aibu ya uongozi wa jiji, na mama aliyempoteza mwanawe ana haki ya kuukasirikia. Lakini redio hukwambia nusu yake. Washington, watu wazima wakishtakiwa kwa makosa makubwa, anayewashtaki ni mwendesha mashtaka wa serikali kuu anayeteuliwa na rais. Meya hana usemi hapo. Rais wa wakati ule alikuwa Joe Biden, kwa hiyo lawama ya chama chake ipo, ila si mahali wanapoionyesha. Tangu 2025 kiti hicho anakalia Jeanine Pirro, aliyekuwa mtangazaji wa Fox News. Mchambuzi amekuwa mtendaji. Mimi nalitazama hilo kwa hamu ya kweli, kwa sababu ndipo maneno ya redioni yanapokutana na jalada la kesi, shahidi aliyehama na maabara isiyo na wataalamu wa kutosha.

Kuna taswira ya Agosti ile ambayo bado ninayo kichwani: askari wa Walinzi wa Taifa, vijana wa miji midogo, wakiokota takataka kwa mifuko ya plastiki na kutandaza mboji chini ya miti ya bustani karibu na minara ya kumbukumbu, watalii wakipita na simu zao. Simdharau askari anayeokota takataka. Lakini mauaji ya Washington kwa sehemu kubwa hutokea ng'ambo ya mto Anacostia, Kata ya 7 na ya 8, maili kadhaa kutoka hapo, ambako maduka ya vyakula ni machache na mama anayetoka kazini usiku hutembea haraka. Askari walionekana zaidi palipo na kamera. Mama huyo ukimwonyesha jedwali la mauaji kupungua hatalala mlango wazi kwa sababu yake, na hapo wahafidhina wako sahihi kuliko Wademokrati waliokuwa wakimjibu kwa asilimia. Hofu yake ni ushahidi pia. Ila haikutibiwa na mboji ya bustani.

Utasikia pia wakitaja New York. Mwaka 1982 wasomi wawili, James Q. Wilson na George Kelling, waliandika kwamba dirisha moja lililovunjika likiachwa, mtaa mzima utaharibika. Kwa Kiswahili nadharia yote tulikuwa nayo: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Rudy Giuliani akaingia umeya 1994 akaifanyia kazi, na mauaji ya New York, yaliyokuwa 2,245 mwaka 1990, yakawa 633 mwaka 1998. Mafanikio makubwa, hayabishaniwi. Kinachobishaniwa ni sababu, kwa kuwa San Diego ilipunguza mauaji sana miaka hiyohiyo kwa njia ya polisi kukaa na wananchi, bila kukamata ovyo, na kwa kuwa New York ilikuwa imeajiri maelfu ya polisi wapya, mpango ulioanza kabla ya Giuliani. Polisi wa New York walikuwa ni wa jiji, wakijua mitaa na majina ya watu. Askari wa Mississippi aliyeletwa kwa muda hana cha kuziba ufa. Haujui ulipo.

Kwenye siasa za vyama, mwamba ngoma huvuta kwake, na hapa pande zote mbili zinavuta. Jackson, jimbo la Mississippi, kwa miaka imekuwa na kiwango cha mauaji kwa kila wakazi 100,000 kilicho juu sana kuliko cha Washington, na gavana wa Mississippi alipeleka askari Washington. Ukiliuliza hilo, mchambuzi wako atajibu kwamba meya wa Jackson ni Mdemokrati. Ni kweli. Memphis nako hivyohivyo. Lakini sheria za bunduki za Mississippi na Tennessee zinatungwa na mabunge ya majimbo, yaliyo mikononi mwa Warepublikan. Jiji la Marekani ni mtoto wa wazazi wawili waliotengana: meya wa chama hiki, bunge la jimbo la chama kile, kila mmoja akimwambia mtoto kwamba njaa imeletwa na mwenzake.

Ndiyo maana askari walipelekwa kwa njia mbili tofauti. Memphis walikwenda kwa ridhaa ya Gavana Bill Lee, Mrepublikan. Chicago, Gavana JB Pritzker, Mdemokrati, alikataa akaenda mahakamani, na tarehe 23 Desemba 2025 Mahakama ya Juu, ambayo majaji wake sita kati ya tisa waliteuliwa na marais wa Republican, ikakataa ombi la serikali la kuruhusu askari watumike pale. Kule Los Angeles jaji alikuwa ameshaamua Septemba kwamba kutumia wanajeshi kwa kazi za polisi kulivunja sheria ya mwaka 1878 inayokataza hilo. Kwa hiyo ukisikia kwamba Wademokrati wanazuia, jibu kwamba wapo wanaozuia, na sheria za nchi pamoja na majaji wa upande wa Republican wenyewe zimo na wamo miongoni mwao.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha kwa nini wasikilizaji wanayaona mambo haya kuwa kitu kimoja. Agosti hiyohiyo, Charlotte, North Carolina, mkimbizi kijana wa Ukraine, mwanamke aliyeikimbia vita nchini kwake, alichomwa kisu ndani ya treni ya mjini. Mshtakiwa alikuwa amekamatwa mara nyingi huko nyuma na ana historia ya ugonjwa wa akili. Amekimbia makombora, akauawa akitoka kazini katika jiji lenye amani. Ukimsikia mchambuzi akilia hewani kwa kisa hiki, usidhani anaigiza. Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kubana dhamana. Matibabu ya akili, ambayo yangeweza kumzuia mtu yule kabla ya siku ile, yalipata maneno machache zaidi.

Sasa Kongo. Hapa nitasema kwa uangalifu kwa sababu ni nyumbani kwako.

Goma ilitekwa na M23, waasi wanaoungwa mkono na Rwanda, mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 8 Februari wakuu wa Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam. Kabla ya hapo palikuwa na mchakato wa Luanda chini ya João Lourenço, rais wa Angola, na ule wa Nairobi chini ya Uhuru Kenyatta. Hakuna kati ya hiyo uliokuwa na kitu cha kumbana yeyote. Tarehe 20 Februari Marekani ikamwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, na msemaji mmoja wa M23. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, wakasaini mkataba Washington, mwenzao wa Marekani, Marco Rubio, akiwa shahidi. Mimi ni Mwafrika na inaniuma kusema hivi, lakini mfuko wenye fimbo na mkate ulikuwa Washington, si Luanda, na hapo hoja ya nguvu ina ukweli wake.

Ukiusoma mkataba wenyewe lakini, haujidai kumaliza vita. Unaweka utaratibu: kuwavunja nguvu FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, Rwanda kuondoa kile inachokiita hatua za kujilinda, kamati ya pamoja ya usalama ya kufuatilia, na mpango wa uchumi wa kanda unaogusa madini. M23 hawakuusaini. Wao walikuwa Doha, kwa Waqatari, wakasaini tamko la kanuni na Kinshasa tarehe 19 Julai na mfumo wa makubaliano tarehe 15 Novemba. Kwa maneno mengine, walioshika bunduki mtaani Goma walikuwa chumba kingine, nchi nyingine. Tarehe 4 Desemba Félix Tshisekedi na Paul Kagame wakakaa pamoja na Trump kuthibitisha makubaliano. Kabla ya wiki kuisha M23 walikuwa Uvira, mji uliokuwa umegeuzwa makao ya serikali ya Kivu Kusini baada ya Bukavu kuanguka, na makumi ya maelfu ya watu, mama yako miongoni mwao, walikuwa wanavuka kwenda Burundi.

Mchambuzi anayesema vita vimekwisha ameanza kuhesabu Desemba 4 na kuacha Desemba 5. Lakini anayesema makubaliano yale yalikuwa picha tu, naye ameruka Desemba 16, siku M23 walipotangaza kwamba wataondoka Uvira kwa ombi la wasuluhishi wa Marekani. Simu za Washington zilisogeza watu wenye silaha kutoka mji wako. Hazikuwazuia kuingia, ila ziliwasogeza. Na huko Goma, tangu mji utekwe, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Mfanyabiashara wa soko la Virunga mwenye akaunti benki ana fedha kwenye karatasi, mkononi hana. Mimi huo ndio mkataba ninaousoma kila asubuhi: je, benki za Goma zimefunguliwa?

Kuhusu Wademokrati kuizuia amani hii, hakuna cha kuzuia. Marekani si mhusika wa mkataba, ni shahidi, kwa hiyo haukupelekwa kupigiwa kura Seneti. Waliogawanyika kuhusu Marekani kujiingiza katika mambo ya nchi nyingine ni wahafidhina wenyewe. Juni 2025, Marekani ilipopiga vituo vya nyuklia vya Iran, watangazaji wa kihafidhina Tucker Carlson na Steve Bannon walikuwa wamepinga hadharani kuingia vitani, mwenzao Mark Levin akishangilia. Kuhusu Kongo wale wa "Marekani kwanza" waliuliza inatuhusu nini, na jibu walilopewa lilikuwa kobalti na koltani, visiende vyote China. Usione haya kuwaambia wenzako jambo hilo. Anayekuja kwa ajili ya madini anaweza kukaa muda mrefu kuliko anayekuja kwa huruma, mradi tu madini yahitaji barabara iliyo wazi. Hatari yake ni kwamba barabara ikiwa wazi hadi mgodini, anaweza asijali kijiji kilicho kilomita tano pembeni.

Utayasikia haya kwa sauti kubwa zaidi kadiri Novemba 3, 2026 inavyokaribia, siku ya uchaguzi wa Congress. Usizime redio. Sikiliza, na kila dai likija jiulize wameanza kuhesabu siku gani.

Mama sasa. Usiamue kwa redio, wala kwa maneno yangu. Tangazo la kundi kuondoka ni jambo moja, nani analala kwenye vilima vya juu ya mji ni jingine, na wewe wa Uvira unajua vilima hivyo na wanamgambo wake kuliko mimi. Kama yuko kambi ya wakimbizi, asiondoke na kupoteza uandikishaji wake kwa safari ya kwenda kuangalia tu, kwa sababu kurudishwa kwenye orodha ni kazi. Mtafute mtu anayevuka Kavimvira kila wiki kwa biashara, mwanamke wa samaki au wa vitambaa, umuulize mambo matatu: shule ya karibu na nyumba yenu inafundisha au la, usiku vizuizi ni vya nani, na jirani yenu wa karibu amerudi na watoto au amerudi peke yake kulinda nyumba. Akikwambia jirani amerudi na watoto, nipigie tuzungumze kuhusu nauli.